Sauti Inapokatika Juu ya Bahari

Mtu aliyeketi Forodhani baada ya magharibi, akingoja urojo wake upoe, mara nyingi huona taa za ndege zikishuka kutoka kaskazini kuelekea Kisauni. Kwake ni taa tu, nazo hupotea nyuma ya mapaa ya mji kabla hajamaliza bakuli lake. Lakini mnarani, kilomita chache kusini ya Mji Mkongwe, yuko mtu ambaye kwake taa hiyo ina jina, ina kimo, ina mwendo, ina mafuta yatakayokwisha saa fulani, na ina idadi ya roho ambayo ataulizwa endapo litatokea la kutokea. Mtu huyo ni mwongoza ndege.

Fani ya tiba haikuzoea kumhesabu miongoni mwa watu wake. Muuguzi, mkunga, dereva wa gari la wagonjwa, hata askari wa zimamoto, wote wamo. Mwongoza ndege hayumo. Hata hivyo, abiria anapobanwa na kifua juu ya Bahari ya Hindi, huyo huwa miongoni mwa watu wa mwanzo ardhini kupata habari. Hamwoni mgonjwa, hamgusi, hajui jina lake. Anayo sauti ya rubani masikioni na saa ukutani, basi. Na sauti hiyo ikikatika, kwa heri au kwa shari, yeye hubaki na kimya.

Anga inayoanzia ufukweni

Uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume una mamlaka yake ya Zanzibar, lakini kazi ya kuongoza ndege, Unguja kama ilivyo Bara, ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mnara hushughulika na ndege zinazoruka, zinazotua na zilizo karibu. Zile zilizo juu na mbali huwa mikononi mwa kituo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho anga yake haikomi pwani bali huendelea baharini hadi inapokutana na ya majirani, kama Nairobi kwa kaskazini na Antananarivo kwa kusini mashariki, inayoshika pia anga ya Visiwa vya Komoro. Ndege hukabidhiwa kutoka kituo hadi kituo kama wagonjwa wanavyokabidhiwa kutoka zamu ya usiku kwenda zamu ya asubuhi. Na kila tabibu anajua ni makosa mangapi ya wodini huzaliwa pale penye makabidhiano.

Karibu na pwani mambo huwa mepesi kiasi. Redio ya kawaida ya ndege hupeleka sauti kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa dunia ni mviringo, hata ndege iliyo kwenye kimo cha mita 10,000 husikika kwa takriban kilomita 400 tu. Kupita hapo hutumika mawimbi ya masafa mafupi, yale yale yaliyokuwa yakileta matangazo ya idhaa za nje kwenye redio za wazee: hudunda kwenye tabaka za juu za anga na kufika mbali, lakini huja na mikwaruzo, hufifia, hurudi. Ndege za kisasa hutumia pia ujumbe wa maandishi kupitia setilaiti. Hata hivyo, katika dharura, binadamu hutaka kusikia binadamu.

Ama rada, Watanzania wengi walilizoea neno hilo kwa sababu isiyokuwa yake. Rada ya Dar es Salaam iliyonunuliwa Uingereza kwa paundi milioni 28 iligeuka sakata. Mwaka 2010 kampuni ya BAE Systems ilikiri mahakamani kosa la kutotunza hesabu ipasavyo, na fedha zilizorudishwa zikanunua vitabu na madawati ya shule. Ni habari iliyostahili kelele zake. Lakini katika kelele hizo ni wachache waliouliza rada yenyewe ni ya kazi gani, nayo kazi yake ni hii: kumpa jicho mtu ambaye bila hiyo anafanya kazi kwa sikio peke yake.

Maneno mawili

Neno “Mayday”, linalotamkwa mara tatu, lilitoholewa kutoka Kifaransa kwa maana ya “nisaidieni”, na hutumika panapokuwa na hatari kubwa na ya papo hapo. Lipo la pili, “Pan-pan”, la jambo la haraka ambalo bado halijafikia kuhatarisha ndege yenyewe. Mgonjwa ndani ya ndege kwa kawaida huangukia neno hili la pili. Pamoja na sauti, rubani anaweza kuweka tarakimu kwenye mtambo wake: 7700 kwa dharura, 7600 redio ikifa, 7500 akitekwa.

Kwa nini maneno yenyewe yawe na uzito huo? Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa kwa muda mrefu karibu na New York kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Marubani walisema mafuta yanakwisha, wakaomba kupewa kipaumbele, lakini neno la dharura halikutamkwa. Waongoza ndege walisikia ombi, hawakusikia kilio. Ndege ilianguka na watu 73 wakafariki. Madaktari waliowahi kupokea mgonjwa aliyeandikiwa “apelekwe haraka”, bila neno moja la kueleza kwamba presha yake inaporomoka, hawahitaji ufafanuzi zaidi.

Mwongoza ndege akishalisikia neno, hatua zake hufanana na za daktari wa chumba cha dharura kuliko mtu anavyodhani. Hukiri kwamba amesikia na kuelewa. Huziondoa ndege nyingine njiani, kisha hunyamazisha mazungumzo yasiyo ya lazima ili sauti moja ipate nafasi. Huwaarifu wanaopaswa kujua: zimamoto, gari la wagonjwa, kituo jirani. Humpa rubani anachokihitaji, yaani upepo, urefu wa njia ya kutulia, uwanja ulio wazi. Na kilicho kigumu kuliko vyote, humwacha afanye kazi. Swali moja la ziada kwa rubani aliyezidiwa ni sawa na ndugu wa mgonjwa anayemshika mkono mpasuaji.

Mgonjwa wa safari ya Muscat

Tuseme ni usiku, na ndege inatoka Muscat kuja Unguja, safari ya saa tano hivi. Ndani yumo bibi wa miaka 68 aliyekwenda kuwaona wanawe Oman. Shinikizo la hewa ndani ya ndege haliwi kama la ardhini. Hulingana na la mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Unguja hakuna kilima kinachofika hata mita 200. Kwa hiyo bibi huyu ni kama mtu aliyeamkia Makunduchi, na kabla ya adhuhuri akajikuta Njombe au juu zaidi. Oksijeni katika damu ya mtu mzima mwenye afya hushuka kutoka asilimia 97 au 98 hadi karibu 92. Kijana hatambui. Mwenye moyo uliochoka au mapafu mabovu hutambua. Tena amekaa saa nyingi bila kunyoosha miguu, na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu inaweza kung'oka na kukimbilia mapafuni.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliopitia dharura 11,920 za kitabibu angani, ulikuta kwamba hutokea dharura moja kwa kila safari 604. Zaidi ya theluthi moja walikuwa watu waliozirai au waliokaribia kuzirai; matatizo ya kupumua yalifuata kwa asilimia 12. Ndege zilizolazimika kubadili njia zilikuwa asilimia 7 tu. Wengi hupona kwa kulazwa miguu juu, maji na oksijeni kidogo. Lakini mwongoza ndege hajui kama huyu ni miongoni mwa wale wengi.

Hapo huja uamuzi ambao watu wengi humpa asiye wake. Pa kutua huamuliwa na rubani kiongozi. Mwongoza ndege hutoa habari, na ubora wa habari hizo ndio unaomwokoa au kumpoteza bibi. Kutoka uwanja wa Zanzibar hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa dakika chache usiku. Dar es Salaam, hatua fupi mbele kwa ndege ya jeti, ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete yenye uwezo wa kuzibua mishipa ya moyo kwa mrija. Lakini kati ya uwanja na Upanga ipo Barabara ya Nyerere, na anayeijua foleni yake ya jioni hatahesabu dakika za angani peke yake. Mgonjwa aliyezirai akazinduka na mgonjwa mwenye dalili za shambulio la moyo hawafai kupewa jibu moja. Laiti kila mnara ungekuwa na karatasi moja, iliyoandikwa na madaktari na kuhuishwa kila mwezi, ya kueleza hospitali ipi usiku huu ina nini. Si jambo la gharama.

Dharura nyingine huanzia chini ya maji. Wageni wanaozamia Nungwi na Mnemba hubeba naitrojeni iliyoyeyuka mwilini, na wakipanda ndege mapema hutoka mapovu kwenye damu na viungo. Ushauri wa wataalamu wa uzamiaji ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na saa 18 baada ya mizamo kadhaa. Mwenye duka la vifaa vya kuzamia anaweza kuzuia “Pan-pan” kwa kumwuliza mteja wake tarehe ya tiketi.

Novemba 1996, Juni 2009

Zipo siku ambazo si mgonjwa mmoja. Tarehe 23 Novemba 1996 Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikiwa na watu 175, ilitekwa na vijana watatu waliotaka kupelekwa Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakumsadiki. Akafuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, na walipomlazimisha kugeukia baharini akaelekeza Komoro bila kuwaambia. Katika hali kama hiyo mwongoza ndege hana amri tena. Analoweza ni kuwaondoa wengine njiani na kuwaamsha walio mbele. Injini zikazimika kwa kukosa mafuta, na ndege ikaanguka majini mita 500 hivi kutoka ufukwe wa Galawa, kaskazini ya Ngazija. Watu 125 walifariki, 50 wakaokoka.

Miongoni mwa waliofariki alikuwemo mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Alipiga picha za mapinduzi ya Unguja mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akaonja jela ya huku huku.

Kwa tabibu, somo la Galawa liko ndani ya ndege. Baadhi ya abiria walionusurika pigo la kwanza walikuwa wamekwisha kujaza hewa majaketi yao ya kuokolea maisha wakiwa bado vitini. Maji yalipoingia, majaketi yaliwanyanyua hadi darini na kuwabana hapo, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Jaketi huvaliwa ndani na hujazwa mlangoni, mguu mmoja ukiwa nje. Wahudumu husema hivyo kila safari, na kila safari watu huwa kwenye simu zao. Wenyeji wa Ngazija, wazamiaji na madaktari wa Kifaransa waliokuwa likizoni ndio waliowahi kuwatoa watu majini. Kufikiwa upesi karibu na ufukwe kuna uzito: mwaka 2012 ndege ndogo iliyoanguka baharini punde baada ya kuruka kutoka Moroni ilikuwa na watu 29, na wote waliokolewa.

Tarehe 30 Juni 2009 bahari hiyo hiyo haikuwa na ufukwe karibu wala mwanga. Airbus ya Yemenia iliyokuwa ikikaribia Moroni usiku ilipotea ikiwa na watu 153. Aliyeokoka ni mmoja, msichana Bahia Bakari, aliyeshikilia kipande cha bodi la ndege kwa saa nyingi hadi chombo kilipomwokota. Hakuwa na jaketi, na kuogelea kwake kulikuwa kwa shida. Amesimulia kwamba katika giza lile alisikia sauti za watu wengine majini. Siku kadhaa baadaye mkondo ulileta mabaki na miili hadi Mafia, na huku Unguja, ambako nyumba nyingi zina shangazi au babu wa Kingazija, matanga yalikaliwa kana kwamba msiba ni wa mtaani.

Sauti hizo alizozisikia msichana ndizo zinazofanya saa ya mwongoza ndege iwe na maana. Kanuni za kimataifa zimeweka awamu tatu. Ndege ikipitisha dakika 30 baada ya muda iliotarajiwa kuongea bila kusikika, huanza awamu ya mashaka. Ikiulizwa kila mahali na habari zisipatikane, huwa ya tahadhari. Ikifika saa ambayo mafuta yake kwa hesabu yamekwisha, ni awamu ya dhiki, na msako hutangazwa kwa nguvu zote. Mwongoza ndege hasubiri dakika zitimie ikiwa ana sababu ya kuhofu. Lakini maji ya bahari, hata haya ya joto ya kwetu, hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa ya kiwango hicho hicho. Aliyejeruhiwa na kutokwa damu hapewi na bahari muda wa kusubiri simu zizunguke maofisini.

Na baada ya simu zote, anayefika mwanzo mara nyingi ni mvuvi. Ilikuwa hivyo usiku wa MV Spice Islander I, Septemba 2011, wavuvi wa Nungwi walipotoka na vyombo vyao. Ilikuwa hivyo Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria na kuua watu 19 kati ya 43. Hao hawamo kwenye mpango wa dharura wa karatasini kwa kiwango wanachostahili. Kuwafundisha wavuvi wa Nungwi, Kizimkazi na Mkokotoni kumlaza aliyezama, kumpulizia pumzi na kuzuia damu kungekuwa kazi ya siku mbili kwa kila diko.

Sikio, usiku, na kinachobaki

Mwongoza ndege hupimwa afya kwa kiwango cha kimataifa kinachoitwa daraja la tatu. Chini ya miaka 40 hupimwa kila baada ya miezi 48. Akivuka hapo, kila miezi 24. Macho huangaliwa, moyo husikilizwa, na masikio hupimwa kwa mashine. Yote ni sawa. Lakini dharura haiukuti mwili uliopimwa kliniki saa 3 asubuhi. Huukuta mwili wa saa 10 usiku, wakati joto la mwili liko chini kabisa na ubongo unadai usingizi hata kama mtu alilala mchana. Ghafla neno moja redioni humwaga adrenalini: moyo hukimbia, mdomo hukauka, na usikivu hubana mpaka mtu akasikia alichotarajia kusikia badala ya kilichosemwa. Ndiyo maana kila agizo hurudiwa na aliyepokea. Ndiyo maana pia, tangu Novemba 2020, kanuni za kimataifa zinayataka mataifa yasimamie uchovu wa waongoza ndege kwa saa za kazi na mapumziko yaliyowekewa mipaka.

Hatari ya kumwacha mtu peke yake ilionekana Uswisi usiku wa 1 Julai 2002. Mwongoza ndege mmoja alikuwa akishika meza mbili, mwenzake amekwenda kupumzika, simu ziko kwenye matengenezo. Ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, Ujerumani, na watu 71 wakafa. Mwaka 2004 baba mmoja aliyepoteza mke na watoto katika ajali ile alimfuata mwongoza ndege huyo nyumbani kwake na kumwua. Mahakama baadaye iliwatia hatiani wasimamizi wanne wa kampuni iliyomwajiri.

Mwaka 2000 daktari Albert Wu wa Marekani aliandika kuhusu “mhanga wa pili”: mtaalamu anayebaki na jeraha baada ya mgonjwa wake kudhurika. Aliwakusudia madaktari, lakini maelezo yake yanamkaa mwongoza ndege kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Hukosa usingizi, hurudia sauti ile ile kichwani, huogopa kurudi mezani, huwa mkali nyumbani. Tena daktari angalau huuona mwili, huzungumza na jamaa, huenda mazikoni. Mwongoza ndege alikuwa na sauti, na sauti imekwenda. Nchi kadhaa zimeweka utaratibu wa kumtoa mezani mara moja baada ya tukio, bila kumhesabia kosa, na kumkutanisha na mwenzake aliyefunzwa kusikiliza. Mahali pasipo utaratibu huo huambiwa ajikaze, ashukuru Mungu. Wanaume hasa hulijua neno hilo.

Hata tukio lililokwisha vizuri humwachia pengo. Ndege ya bibi wa Muscat imetua, gari la wagonjwa limewasha taa na kukata kona kuelekea mjini, na mnarani imeandikwa saa na dakika. Alipona? Alifia njiani? Ile dakika aliyoiokoa kwa kuizungusha ndege nyingine juu ya Chumbe ilisaidia, au haikusaidia? Katika mafunzo ya udaktari mwanafunzi hufundishwa kuufuata mgonjwa wake hadi mwisho ili ajue alipopatia na alipokosea. Huyu hana wodi ya kwenda kuchungulia.

Siri ya mgonjwa haivunjwi kwa kusema “Abiria wenu wa usiku amelazwa, anaongea,” au, ikibidi, “Hakuwahi.” Halina jina wala ugonjwa ndani yake. Muuguzi wa zamu wa chumba cha dharura anaweza kulisema kwa simu ya nusu dakika, kabla watu wa zamu ya usiku hawajashuka ngazi za mnara kwenda kutafuta chai na mandazi.